Mtegaji Aliyeachia Panya

Ukifika nyumbani kwa Mtegaji, hujatua hata mzigo, anakuuliza: kati ya mti wa mkanye na panya wa mfuko, nani atatangulia kwisha? Alimuuliza bwana shamba, akamuuliza fundi aliyekuja kuezeka choo, akaniuliza mimi niliyekuwa nimepanda mlima kununua kabichi. Ukijibu mkanye, anakupinga. Ukijibu panya, anakupinga vilevile. Ukisema hujui, anaguna na kwenda zake nyuma ya nyumba, kana kwamba kuna kitu kinaungua huko.

Mimi ni mchuuzi wa mboga. Kila Jumanne napanda Mgeta kutoka Morogoro mjini, nakusanya kabichi, njegere na karoti, nalala, na Jumatano lori linashuka na mzigo kwenda Dar. Kwa miaka mingi nyumba niliyolala ilikuwa ya Mtegaji na mkewe. Watu wa juu kule walimwita hivyo, Mtegaji, na sikuwahi kumwita vinginevyo. Zamani alikuwa ameajiriwa na wataalamu waliokuwa wakija na madaftari kuchunguza wanyama wadogo wa msituni. Kazi yake ilikuwa kutega. Wataalamu walimaliza yao wakaondoka, wakamwachia mitego minane ya sanduku, ile ya bati yenye mlango unaojifunga, na yeye akaendelea kutega kama vile hakuna aliyemwambia kazi imekwisha.

Jioni alitega, alfajiri alitegua. Panya aliyemkamata alimshika shingoni kwa vidole viwili, akamtazama tumbo, akamtazama meno, akamwachia. Majirani walicheka mpaka wakachoka. Mtu gani huyu anatega panya kisha anamsindikiza? Nami nilicheka nao, sioni haya kusema. Lakini ghalani kwake nilimwona akimwua panya wa nyumbani kwa ndala, pa, bila hata kukatisha maneno. Nilipomuuliza mbona huyu hana bahati, alisema huyu yupo hadi Kisaki, yupo hadi kwenye meli, huyu hatahitaji msaada wetu hata siku ya kiyama.

Yule wake alikuwa mwingine. Mgongo wa kijivu, tumbo jeupe kama unga wa sembe, mkia mrefu, na mashavuni ana mifuko ya kubebea chakula. Anaishi msituni tu, kwenye kivuli na udongo mbichi, na kila msitu ukikatwa yeye hahamii shambani, anakwisha. Mbegu moja ya mkanye ikiingia shavuni uso wake wote unapinda, na hivyohivyo anakimbia nayo.

Na mkanye wenyewe ni mti mrefu ulionyooka, wa huku juu penye ukungu, wala hauoti popote unapotaka wewe. Tunda lake ni kubwa kuliko papai, la rangi ya kahawia, likianguka unasikia kishindo. Ndani mna mbegu zenye mafuta magumu ambayo bibi zetu waliyapikia kabla mafuta ya dukani hayajapanda mlima. Mbao yake ilipendwa, na ndiyo maana imebaki michache. Katika kipande cha msitu kilichokuwa chini ya nyumba ya Mtegaji, kisichozidi uwanja wa mpira, ilikuwepo kumi na mmoja. Naijua hesabu kwa sababu alinisomea mmoja mmoja, kama mtu anayetaja wajukuu.

Hakujua kukaa. Nasema hivi bila kutia chumvi. Alikula amesimama, alisali upesi, alizungumza akizunguka meza. Mkewe alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, na alipenda kunitania kwamba aliolewa na miguu, mwenyewe hajafika bado. Mimi pia si mtu wa kutulia, biashara ya mboga haimpi mtu utulivu, kabichi haikusubiri. Lakini mbele yake nilijiona gogo. Nikimaliza kikombe kimoja cha chai yeye ameshaingia na kutoka mara tano, na kila akiingia amebadilisha upande wa mabishano yake.

Siku ya mti alisema mti ndio wenye shida zaidi. Mti ukiona shoka linakuja utafanya nini? Panya ana miguu. Siku ya panya alisema hiyo miguu ya kwenda wapi, ukishamkatia msitu? Na tena, mti una watu. Hata mwizi wa mbao anaupenda, anaujua jina. Panya akiisha nani atakaa matanga? Kesho yake amegeuka tena. Panya, alisema, akipata mwaka mmoja mzuri anajaza mlima. Mkanye unahitaji miaka ya mtu mzima kabla haujaangusha tunda la kwanza. Mara nyingine alikuwa anabishana akiwa peke yake, nami nikimsikia kupitia dirisha nikichambua njegere.

Lakini kuna jambo alilolisema siku moja bila kuzunguka, na nimelikumbuka kuliko yote. Alisema panya akiisha anaisha siku hiyohiyo, utajua. Mkanye unaweza kuwa umeshakwisha na bado umesimama. Kama chini yake hakuna mche hata mmoja, basi ile ni maiti iliyosimama, inasubiri upepo.

Nikamuuliza sasa kinachozuia miche ni nini, si hao hao panya wanaokula mbegu? Nilidhani nimembana. Alifurahi kana kwamba nimempa zawadi. Alisema ndiyo, anakula, lakini kwanza anafukia. Anafukia hapa tano, pale tatu, na kichwa chake ni kidogo, nyingine anazisahau. Mbegu iliyoachwa juu ya ardhi inaoza au inaliwa na wadudu. Iliyofukiwa na panya na kusahauliwa, hiyo ndiyo inayoota. "Msitu wote huu unaouona," aliniambia, "ni vitu panya walivyosahau."

Niliutazama ule msitu wake. Sitajisingizia uzuri ambao sikuwa nao. Nilichokiona mimi ni ardhi nyeusi yenye maji karibu, nikaona njegere. Msimu mmoja nilimwomba anikodishie kile kipande. Alinichukua mpaka ndani, viatu vyangu vya sokoni vikaharibika, akanionyesha tundu lisilozidi mdomo wa kikombe kati ya mizizi, akachutama nusu dakika, akasimama. Ndilo lilikuwa jibu. Nilikasirika kwa sababu ya viatu, na sikuomba tena.

Sasa nieleze kosa lake, maana bila kosa hilo nisingekuwa na la kuandika.

Alikuwa ameanza kuotesha miche. Mbegu za mkanye ni kaidi, unaziatika miezi na miezi hazikutazami. Akagundua kwamba akichimbua zile zilizofukiwa na panya anapata zinazoota. Kwa hiyo akawa anawaibia panya wake kidogo kidogo, huku akiwaomba radhi kwa sauti, nimemsikia mwenyewe. Alizipanda kwenye viriba, akazifunika kwa majani ya mgomba, na baada ya miaka kadhaa alikuwa na miche thelathini na kitu, mizuri, yenye majani magumu yanayong'aa.

Ile ardhi haikuwa yake. Ilikuwa ya ukoo wa mkewe. Kwetu Waluguru ardhi hufuata mama, na mwanamume anayekwenda kuishi kwa mkewe analima atakavyo, mahindi, viazi, hata migomba, hakuna atakayemuuliza. Ila mti wa kudumu hapandi. Mti unaoishi kuliko mtu ni mkono wa mtu unaobaki ardhini, na kesho watoto wa dada zake wanaweza kuja kusema, huu ni wa mjomba wetu, tupisheni. Ndiyo maana mti wa aina hiyo hupandwa na mwenye ukoo. Mtegaji aliyajua haya tangu hajaota meno. Ilikuwa rahisi: binti yake, ambaye ni wa ukoo wa mama yake, angeshika jembe akapanda yeye, na shauri limekwisha.

Lakini mwaka ule mkewe aliugua, akalazwa mjini, binti akawa naye huko. Mvua zikawahi. Miche ilikuwa imeshatoboa viriba, mizizi inajikunja. Mtu mwingine angesubiri wiki tatu. Yeye hakuweza kusubiri wali uive. Alichukua kamba, akaivuta kutoka mwamba hadi mwamba ili mistari inyooke, kama wataalamu walivyomfundisha kupanga mitego, akaipanda miche yote siku moja kandokando ya msitu. Nilipopanda Jumanne ile alinionyesha kwa furaha. Hata mimi, niliyekulia mjini, niliona mpaka.

Mkewe hakurudi. Walimzika juu kule, mvua ikinyesha, na Mtegaji alishika koleo mpaka wakamnyang'anya. Nilimlilia yule mama kuliko nilivyotegemea. Baada ya arobaini shemeji yake, kaka wa marehemu na ndiye mkubwa wa ukoo, aliitisha kikao, nami nilikuwepo kwa sababu ilikuwa Jumanne na sikuwa na pa kwenda.

Shemeji hakuwa mtu mbaya. Alizungumza taratibu, akamsifu Mtegaji kwa kumuuguza dada yao. Akasema hakuna anayemfukuza mjane wa kiume mlimani, akae mpaka atakapochoka. Kisha akageuza uso kuelekea ile mistari. "Ila shemeji, mdomo wako unasema hivi, na miti yako inasema vingine," alisema. Nyuma yake vijana wawili wa ukoo walikuwa wamekwisha kuleta wazo lao: mistari ing'olewe, na msitu wenyewe ufyekwe mara moja, ilimwe mboga, ili pasiwe na kitu cha kugombaniwa. Binti alijaribu kusema kwamba miti ile ihesabiwe kuwa imepandwa na mkono wake. Mkubwa wa ukoo akatikisa kichwa. Kila mtu alikuwa amemwona nani aliyeshika jembe.

Mtegaji aliomba siku moja. Usingizi hakupata, asubuhi uso wake ulikuwa umesawijika. Akawaambia ataing'oa miche yote kwa mikono yake, mbele yao. Akawaambia na yeye mwenyewe ataondoka, arudi kwa ukoo wa mama yake, Mikese, hatakanyaga tena ndani ya ardhi ile. Badala yake msitu ubaki, uwe chini ya binti yake, usikatwe. Wakubwa walitazamana, wakakubali. Nadhani hawakutegemea atoe vyote viwili.

Nilimwona aking'oa. Mingine ilikuwa imenifika kiunoni. Aliikamata chini kabisa, akaizungusha kidogo ili mzizi usikatike, akaivuta, akailaza, akaenda kwa mwingine, upesi kama anayeogopa mikono yake isije ikakataa. Binti aliingia ndani akafunga mlango. Mimi nilipaswa kuwa nimeshashuka na lori, nikasimama tu na daftari langu la mboga, nikajiona mjinga, nikajiona na huzuni, nikamkasirikia sijui nani. Alipomaliza alinawa, akamkabidhi binti ile mitego minane, akatangulia njia ya chini bila kugeuka.

Miaka miwili ikapita. Niliendelea kulala pale, sasa kwa binti. Mikanye kumi na mmoja nilikuwa naiona kutoka uwanjani, imesimama vizuri. Mitego ilikuwa darini. Binti ana watoto watatu na shamba, na panya, kusema kweli, anawaogopa.

Jumatano moja lori letu lilipata pancha Mikese. Pale barabarani kuna wauza mkaa, wauza machungwa, na malori yanayopita yanatikisa vibanda. Nikamwona anavuka barabara kuja kwangu, amekonda, fulana imemning'inia, miguu ni ileile. Nikampa shikamoo. Hakungoja hata nimalize kumuuliza hali.

"Panya wapo?" aliuliza.

Alinieleza kwa haraka kwamba binti humpigia simu kila Ijumaa, na kila Ijumaa humwambia, baba, miti ipo. Akiuliza panya, binti husema hajui. Kile alichoacha kaburi la mke wake, nyumba yake na miche yake kwa ajili yake, kiko hai au kimesimama tu? Alikuwa na miaka miwili hajalala vizuri kwa swali hilo moja, na aliyekuwa anapanda kule kila wiki ni mimi.

Nikamwambia wapo. Nilisema kwa sauti nzuri kabisa, ile ninayomwambia mteja kwamba karoti ni za leo. Nikaongeza kwamba nimewaona kwa macho yangu.

Akaniuliza niliwaona saa ngapi. Nikasema mchana. Huyo panya hatoki mchana, hata mtoto wa Mgeta anajua, nami nilikuwa nimelala nyumbani kwake miaka yote ile. Aibu iliyonipata sijaipata sokoni, na sokoni nimefanya mengi.

"Mama Zuhura," alisema, na hakuwa na hasira, "ukinidanganya kuhusu mti, mtu yeyote atainua macho na kukuumbua. Ukinidanganya kuhusu panya, nani atakwenda kutazama?"

Miaka yote ile ya kunizungusha na swali lake, na hapo ndipo nilipoelewa lilikuwa linahusu nini. Fundi alikuwa amemaliza gurudumu, dereva anapiga honi. Nikapanda, nikamwambia dereva afike na mzigo kwa mwenzangu wa Dar, nikachukua mkoba wangu, nikashuka. Dereva aliniangalia kama niliyepandwa na kichaa. Mtegaji alikuwa ameshaanza kusimamisha basi la upande wa pili.

Tulifika Mgeta jioni, jua bado lipo. Hakuingia. Alisimama kwenye njia ya miguu inayopita juu ya msitu, maana njia ni ya wote, na ahadi yake ilikuwa ya ardhi. Binti alishusha mitego, akaipangusa buibui. Yeye akaponda karanga na ndizi mbivu kwa chambo, akinielekeza kwa kidole: wa kwanza pale, wa pili kwenye gogo lile, usiuweke penye umande, mlango uelekee mzizi. Niliingia mara nane na mikono inanuka karanga. Kisha yeye akaenda kulala kwa jirani, mimi nikalala kwa binti.

Alfajiri nilimkuta njiani ameshanitangulia, anatembea hatua kumi huku, hatua kumi kule. Nikashuka msituni na khanga imelowa mpaka magotini. Mtego wa kwanza mtupu. Wa pili mtupu. Wa tatu umejaa siafu. Nilikwenda hivyo mpaka wa saba, na kila mmoja nilipouinua ulikuwa mwepesi, na moyo wangu ukazidi kuwa mzito, jambo lililonishangaza, kwani panya na mimi wapi na wapi. Wa nane ulikuwa bondeni kwenye kijito, na ukungu wa usiku ulikuwa umepafanya utelezi. Nikapanda kurudi njiani.

Akanitazama mikono. "Yote mitupu?"

Neno ndiyo lilikuwa limeshafika mdomoni. "Saba," nikasema. "Wa nane sijaufikia. Kule chini panateleza."

"Basi bado hatujajua," alisema.

Nikarudi. Niliteremka nimekaa, nikishika mizizi, matope yakinijaa. Mlango wa mtego wa nane ulikuwa umefungwa. Nilipouinua nilisikia kitu kikihama kutoka pembe moja hadi nyingine, kizito kidogo, kimya. Nikaufungua upana wa kidole. Tumbo lilikuwa jeupe, na shavu moja limevimba. Nilianza kulia palepale, nikiwa nimekaa kwenye tope, mwanamke mzima.

Niliubeba kwa mikono miwili hadi njiani. Alichungulia, akamtoa kwa vidole viwili, akamgeuza, akapumua.

"Jike," alisema. "Ana mimba. Mrudishe palepale ulipomtoa, asipotee."

Simu yangu ilikuwa inalia kwenye mkoba, bila shaka ni Dar, ni kabichi. Niliiacha ilie. Nilishuka mara ya tatu, nikafungua mlango kati ya mizizi, akatoka, akasimama kidogo, akaingia chini. Nilipopanda juu nilimuuliza Mtegaji kesho nitege wapi.